Laptopu ya Wiebke Bado Haijawa Tayari

Ortwin Kallmeyer alikuwa mtu wa dini moja tu, na dini yenyewe haikuwa na kanisa. Aliacha kutumia Windows zamani, akiwa bado mpima ardhi wa manispaa, na tangu hapo hakuna aliyekaa naye akaondoka bila kuhubiriwa. Majirani walihubiriwa uzioni. Daktari wa meno alihubiriwa na mgonjwa mwenye pamba mdomoni. Mchungaji aliyekuja kumfariji siku mkewe Annegret alipofariki alihubiriwa yeye, na nadhani ndiye mchungaji pekee mjini Göttingen aliyewahi kutoka nyumba ya msiba amepewa flashi yenye Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows.

"Linux ni uhuru," Ortwin alikuwa akisema. "Hakuna kampuni inayokuamulia. Unachagua mwenyewe." Na mtu akimjibu kwamba yeye basi amechagua kubaki na Windows, Ortwin alinuna wiki nzima.

Mwaka ule habari ikaenea kwamba Windows ya zamani haitapata tena masasisho ya usalama kuanzia Oktoba, na kwamba ile mpya haikubali kukaa kwenye mashine zilizokula chumvi nyingi. Watu walizitazama laptopu zao, nzima, hazina hata mkwaruzo, wakaambiwa madukani wazitupe. Ortwin alifurahi mno. Alipanga flashi zake mezani akangoja kengele ya mlango ilie. Haikulia. Majirani walinunua mpya, tena wakapita na maboksi mbele ya dirisha lake.

Kisha siku moja simu ikatoa mlio. "Baba. Laptopu ya kazini imeambiwa haifai tena. Sitaki kununua nyingine. Jumamosi saa kumi upo? Wiebke."

Aliusoma ujumbe amesimama, halafu akavuta kiti akausoma tena. Wiebke ni mtoto wake wa pekee. Ana kliniki ndogo ya kukanda viungo huko Geismar, mwendo mfupi tu wa baiskeli, lakini hakuwa ameingia nyumba ile tangu walipomzika mama yake.

Sababu ilikuwa harusi ya Wiebke mwenyewe. Sherehe ilifanyika katika ukumbi wa zimamoto, na muziki ulikuwa utoke kwenye laptopu ya msimamizi wa bwana harusi. Mchana wa siku hiyo Ortwin aligundua kwamba laptopu ile ilikuwa na Windows. Mtu mwingine angekwenda kunywa bia. Yeye hakuweza kuvumilia dansi ya kwanza ya mwanawe ichezwe kwa hisani ya kampuni, basi wageni walipokuwa wakipigwa picha nje, aliifuta Windows akaweka Linux. Ilikaa vizuri ajabu. Skrini ilipendeza, kipanya kilikwenda, nyimbo zote zilionekana kwenye orodha. Kitu kimoja tu kilikosekana, nacho ni sauti.

Bibi na bwana harusi walisimama katikati ya ukumbi wameshikana viuno, wakingoja. Ukumbi mzima ukasikia friji la bia likinguruma. Mwishowe mjomba mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata, na maharusi wakacheza valsi ya makofi, jambo ambalo anayelijaribu hatalirudia. Watu walicheka mpaka machozi. Wiebke hakucheka. Alipomwona baba yake anamjia alidhani anakuja kumwomba radhi, akajiandaa kusamehe kabisa. Ortwin akamshika mkono, akamweleza kwa kirefu kwamba mtengenezaji wa ile kadi ya sauti ni mchoyo, hataki kuonyesha watu imeundwaje. "Kwa hiyo unaona," alimaliza, "si kosa la Linux."

Ule ukimya ungesahaulika. Maelezo hayakusahaulika. Annegret alipokuwa hai ndiye aliyepeleka salamu huku na kurudisha huku. Alipoondoka, zikabaki simu za Krismasi na za siku ya kuzaliwa, fupi, zenye hali ya hewa ndani yake. Kwa hiyo Ortwin alijua sawasawa alichopewa na ujumbe ule. Amepewa nafasi moja. Akiivuruga, hakuna wa kumpelekea salamu tena.

Angeweza kukaa kimya akangoja Jumamosi. Badala yake, Ijumaa alikwenda kuomba ushauri.

Watu wa Linux wa Göttingen wana meza yao katika baa moja nyuma ya stesheni, na meza ina kibao cha shaba kinachowafukuza wengine. Ukifika unaigonga mara mbili kwa vifundo vya vidole. Hiyo ndiyo salamu ya wote, hakuna haja ya kupeana mikono. Ortwin akagonga. Walikuwepo Lothar Brüning, fundi redio mstaafu na rafiki yake wa siku nyingi, na Bi. Stüwe, mkemia, ambaye wamekunywa naye bia miaka na miaka bila kuitana kwa majina ya kwanza.

"Binti yangu anahama Windows," Ortwin alisema.

"Yule wa harusi?" Lothar aliuliza.

"Ninaye mmoja tu, Lothar."

"Nauliza tu, bwana, usinikunjie uso. Unampa eneokazi gani?"

Hapo ndipo ugonjwa ulipo. Eneokazi ni ule uso unaoukuta ukishaiwasha kompyuta: menyu iko wapi, madirisha yanafungwaje, vitufe vimekaa kona gani. Anayetumia Windows huukuta uso huo tayari, akaulalamikia, akaendelea na maisha yake. Kwenye Linux nyuso ni nyingi, kila moja ina jina, na kila jina lina watu walio tayari kukosana kwa ajili yake. Meza ile yenyewe ilishagawanyika mara moja kwa sababu ya eneokazi. Waliojitenga wanakutana Alhamisi katika baa nyingine, na wakikutana na wenzao dukani wanatikisiana vichwa tu.

"Xfce," Lothar alisema. "Nyepesi, haina mbwembwe. Ukilala ukaamka baada ya miaka kumi utaikuta palepale."

"Ndiyo maana inafanana na kabati la posta," Bi. Stüwe alisema. "Bwana Kallmeyer, mpe Plasma. Atapanga kila kitu apendavyo yeye, mpaka kivuli cha dirisha."

"Mtoto wa watu anataka kuandika miadi ya wagonjwa, Bi. Stüwe. Hajaomba kurusha ndege."

"Na GNOME je?" Ortwin aliuliza.

Wote wawili walimtazama kwa huruma. Ilikuwa mara ya kwanza jioni ile kukubaliana.

"Atakitafuta kitufe cha kupunguza dirisha mpaka astaafu," Lothar alisema.

Mabishano yaliendelea mpaka bia zikapoa, yaani zikapata joto. Bi. Stüwe alimwandikia Ortwin kwenye karatasi maswali ya kumuuliza mteja kabla ya kumchagulia, maswali mengi, mengine yana vipengele. Ortwin aliyapokea kwa shukrani. Walipokuwa wanavaa makoti Lothar alimvuta pembeni.

"Sikiliza, mzee. Weka yoyote. Halafu funga mdomo."

"Yoyote?"

"Hata GNOME. Ila mdomo ufunge."

Jumamosi saa kumi Wiebke alifika na laptopu na bati la keki ya plamu. Alikaa mezani bila kuvua koti. Ortwin alimimina kahawa, akavaa miwani.

"Ungependa paneli iwe juu au chini?"

"Paneli ya nini?"

"Au pembeni. Inawezekana pia pembeni."

"Baba," Wiebke alisema, "nataka vitu vitatu. Miadi ya wagonjwa. Printa. Na muziki kwenye chumba cha kukandia, maana watu wakilala kimya wanaanza kunisimulia ndoa zao."

Neno muziki lilipotoka, kila mmoja akaangalia kikombe chake.

"Sauti itakuwepo," Ortwin alisema.

"Nimewahi kuisikia hiyo ahadi," alijibu Wiebke, polepole, bila kupandisha sauti. Ortwin akayakunja maswali ya Bi. Stüwe akayatia mfukoni.

Alikwenda na laptopu chumba cha pili. Aliweka Cinnamon, ambayo kwa mtu anayetoka Windows ni kama kuhamia nyumba ya jirani: choo kiko upande uleule. Kazi ilikwisha kabla kahawa haijapoa. Miadi ilifunguka. Printa ilijitambulisha yenyewe. Alijaribu sauti, nayo ikatoka nene na safi bila kubembelezwa. Alisimama ili amwite.

Wakati huohuo akasikia kabati la jikoni likifunguliwa. "Baba," Wiebke aliita, "bado vikombe vya Mama unaviweka huku nyuma?" Ortwin alichungulia mlangoni. Koti lilikuwa limetundikwa kwenye kiti. Wiebke alikuwa ameshika kikombe chenye maua ya bluu, anakigeuzageuza, na alionekana mtu asiye na haraka.

Ortwin akarudi, akazima muziki, akafunika laptopu.

"Bado," alimwambia alipotoka. "Kuna tatizo la eneokazi."

"Kubwa?"

"La kuchagua."

"Basi niiache nije Jumamosi ijayo?"

"Itabidi," Ortwin alisema, kwa uso wa daktari anayetoa habari mbaya.

Wiebke aliondoka akaacha bati la keki, kwa kuwa Jumamosi ijayo angekuja tena. Na akaja tena, na keki ya tufaha. Ortwin alikuwa amemwekea Xfce. Wiebke aliitazama akasema ingemtosha. "Hustahili cha kutosha," Ortwin alisema, "unastahili kinachokufaa." Akaifuta. Jumamosi iliyofuata ikaja keki ya jibini, na Plasma, na Bi. Stüwe alikuwa ametuma kwa barua pepe jinsi ya kufanya madirisha yatikisike kama mlenda yakiburutwa. Wiebke aliliburuta dirisha moja kutoka pembe hadi pembe, akacheka. Ortwin hakuwa amekisikia kicheko kile siku nyingi, akapata kazi ya ghafla ya kutafuta maziwa kwenye friji. Baadaye alisema Plasma ina kasoro. Hakusema ni kasoro gani, na kwa mtu kama yeye hiyo peke yake ilitosha kumtilia shaka.

Walizungumza. Kwanza habari za mashine, halafu za Malte, mume wa Wiebke, ambaye mgongo unamuuma na hataki kuguswa na mkewe maana anasema nyumbani si kliniki. Halafu za Annegret. Siku ya GNOME Wiebke alisimama nyuma ya baba yake akambonyeza begani.

"Unakaaje kwenye hicho kiti? Bega lote hili jiwe."

"Natafuta kitufe cha kupunguza dirisha."

"Nyamaza. Shusha mkono. Pumua."

Ortwin alinyamaza, akashusha mkono, akapumua. Mhubiri wa uhuru wa kuchagua alikuwa amegundua utamu wa kutochagua kabisa, na kama maeneokazi yangekuwa mia angeyapitia yote mia.

Kwenye meza ya Ijumaa walimsifu. Bi. Stüwe alisema hajaona mtu anayefanya jambo kwa kina namna ile. Lothar alingoja Bi. Stüwe aende kulipa.

"Jirani yangu ana miaka tisini," Lothar alisema. "Nilimhamisha Windows huku mayai yake yakichemka. Na aliyala yakiwa laini."

"Mimi nafanya utafiti."

"Wewe unafanya uhuni. Ile laptopu ilikuwa tayari lini?"

Ortwin alizungusha kwa kidole kadibodi ya kuwekea glasi.

"Siku ya kwanza," Lothar alijijibu. "Nilijua. Sikulaumu, mzee, ningekuwa mimi ningefanya hivyohivyo. Lakini kazini anatumia nini sasa hivi?"

"Sijui."

"Hujamuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Alikuwa amemuuliza kuhusu paneli, kuhusu vivuli, kuhusu ukubwa wa kishale cha kipanya, mpaka rangi ya ukingo wa madirisha. Hilo hakumuuliza.

Jumamosi alimuuliza kabla hajaketi.

"Karatasi," Wiebke alisema. "Kama zamani. Juzi nimeandika watu wawili saa ileile, mwenye goti na mwenye shingo. Wa shingo nimemkuta kwenye ukumbi wa mapokezi na chupi tu, amejiandaa. Alikuwa mwalimu wangu wa Kilatini." Alicheka, lakini alijisugua macho. "Si kitu, Baba. Jumapili nakaa nanakili miadi upya. Nani hataki mambo yafanywe vizuri."

Aibu ilimpanda Ortwin mpaka kwenye masikio. Miaka yote alikuwa akiwasema watu wanaomfunga mteja ili asiondoke. Na sasa amemfunga nani? Mwanawe mwenyewe, kwa keki zake mwenyewe.

Aliingia chumba cha pili, akaifuta ile ya wiki hiyo, akarudisha Cinnamon, akajaribu miadi, printa, sauti. Alimletea laptopu mezani imefunikwa.

"Iko tayari."

"Ghafla hivi?"

"Ghafla hivi."

"Ni ipi mwishowe?"

"Ile ya kwanza."

Wiebke alimtazama. "Ya kwanza," alisema.

Maelezo yalimjaa Ortwin kinywani kama kawaida. Alikuwa na la kusema kuhusu ulinganifu, kuhusu utafiti, kuhusu umuhimu wa kujua mbadala. Akakumbuka onyo la Lothar, akafunga mdomo. Tena aliufunga vizuri mno, hata lile neno moja ambalo lingepaswa kutoka, neno alilodaiwa tangu ukumbi wa zimamoto, likafungiwa humohumo na mengine. Wiebke alivaa koti. Akasema asante Baba. Mlangoni akarudi jikoni, akachukua na bati la keki.

Ortwin alilisikia lile bati likigonga baiskeli mpaka mwisho wa barabara.

Jumamosi iliyofuata alitoa vikombe viwili, akarudisha kimoja. Iliyofuata hakutoa chochote, alikunywa kahawa amesimama. Aliandika kwenye simu, "Sauti inafanya kazi?" akafuta. Akaandika "Printa je?" akafuta nayo. Bi. Stüwe alimuuliza binti alichagua nini mwishowe, Ortwin akasema aliridhika, na meza nzima ikagongwa kwa heshima yake. Mteja aliyeridhika haonekani tena. Hakuna aliyewahi kulitaja hilo katika mahubiri yote ya meza ile. Baridi ikaanza, majani yakafagiliwa, na Ortwin alihuzunika kuliko alivyohuzunika alipostaafu, wala hakuwa na mtengenezaji wa kumlaumu.

Jumamosi moja saa kumi kengele ikalia. Wiebke alikuwa amesimama mlangoni, pua nyekundu kwa baridi, laptopu kwapani na bati mkononi.

"Haina sauti," alisema.

Ortwin aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mezani, akaiwasha huku Wiebke akitoa kisu kwenye droo. Cinnamon ilifunguka. Chini kulia, mahali ambapo hata kipofu angepapasa akapafikia, kulikuwa na alama ya spika iliyokatwa kwa mstari mwekundu. Sauti ilikuwa imezimwa kwa kitufe. Kitufe hicho kiko kwenye kibodi, kina picha ya spika, na mtu hukibonyeza kwa kidole chake mwenyewe.

Ortwin alikitazama. Swali hili ameulizwa na nusu ya wazee wa Göttingen, na kila mara huwajibu kwa pumzi moja bila kuinua macho. Aliinua macho. Wiebke alikuwa anakata keki ya mbegu za popi, vipande vikubwa, amempa mgongo, na koti alishalivua.

"Kosa langu," Ortwin alisema.

Kisu kikasimama. "Umesemaje?"

"Kosa langu. La kadi ya sauti hapana. La mtengenezaji hapana. Langu."

Wiebke hakugeuka. "Na ile ya harusini?"

"Hasa ile ya harusini. Niliiharibu dansi yako halafu nikakupa somo. Nisamehe, mwanangu."

Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko kile cha ukumbini, na friji nalo lilinguruma vilevile. Wiebke alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. Kisha akageuka na sahani mbili, akaja, akainama kuitazama skrini begani kwa baba yake. Macho yake yalipita kwenye ile spika iliyokatwa, yakatulia hapo kidogo, yakaendelea na safari.

"Ni tatizo kubwa?" aliuliza.

"Ni kubwa," Ortwin alisema. "Sitaki kukudanganya. Linaweza kula majira yote ya baridi."

"Lakini jioni naweza kuondoka nayo? Jumatatu nina watu."

"Jioni utaondoka nayo. Jumamosi unairudisha."

"Sawa," Wiebke alisema, akavuta kiti. "Krimu ipo, au umemaliza?"